Kifundo kilichoteguka jana ndicho kitakachoteguka kesho

KATIKA viungo vya mwili, ni vichache ambavyo Muislamu huvigusa mara nyingi kama kifundo cha mguu. Aya ya udhu iliyomo katika Suratul Maida imekitaja kwa jina, kikawa ndicho mpaka wa kuosha miguu. Wanazuoni walio wengi wamefafanua kuwa makusudio ni ile mifupa miwili iliyochomoza, mmoja upande wa ndani na mmoja upande wa nje, pale unyayo unapokutana na muundi. Hivyo mwenye kudumu na swala tano hupitisha maji na vidole juu ya mifupa hiyo siku zote za uhai wake. Pamoja na hayo, ukimuuliza ni lini mara ya mwisho alikitazama kifundo chake kwa makini, huenda akakujibu: siku kilipovimba.

Wiki hii tumeona ni vyema kurasa hizi za familia zikizungumzie kiungo hicho, na hasa kwa ajili ya kundi moja la ndugu zetu: watu wazima, waliofikia miaka arobaini na kupindukia, ambao bado wanacheza mpira wa kikapu au wanatamani kuurudia. Hapa Kilimatinde, mji wetu mdogo ulio ukingoni mwa Bonde la Ufa wilayani Manyoni, kama ilivyo katika miji mingi ya nchi yetu, wapo waliojifunza mchezo huu shuleni na vyuoni, wakaucheza katika mashindano ya UMISSETA, kisha ndoa, kazi na malezi vikawachukua. Leo watoto wamekua, daktari amewaambia kuwa shinikizo la damu limepanda na wafanye mazoezi, nao wanaukumbuka uwanja.

Sisi hatuwakatazi. Mtume (s.a.w.) alishindana mbio na mkewe, Bibi Aisha (r.a.), na alimkumbusha Abdullah bin Amr kwamba mwili una haki zake juu ya mwenye mwili. Mazoezi ni sehemu ya kuitimiza haki hiyo. Lakini haki ya mwili ina pande mbili: kuutumia na kuuhifadhi. Na mtu wa miaka arobaini na mitano akiteguka, hateguki peke yake. Akiwa dereva wa bodaboda, nyumba nzima imeteguka. Akiwa mkulima wa alizeti na mvua zimeshaanza kunyesha, shamba limeteguka. Akiwa ni mama anayebeba maji na mtoto, kila aliye chini ya dari ile atayaonja maumivu yake.

Umri si kizuizi, ila una masharti

Mpira wa kikapu ulibuniwa mwaka 1891 huko Springfield, Marekani, na mwalimu wa mazoezi aitwaye James Naismith, kwa ajili ya vijana waliofungiwa ndani na baridi. Ni mchezo wa kuruka, kutua, kukimbia hatua chache, kusimama ghafla na kugeuka. Kila kimoja kati ya vitendo hivyo hukitwisha kifundo mzigo unaozidi uzito wa mwili mara kadhaa.

Hata hivyo, wapo waliothibitisha kuwa umri pekee haumtoi mtu uwanjani. Ndugu yetu katika imani, Kareem Abdul-Jabbar, alicheza katika ligi kuu ya Marekani, NBA, kwa misimu 20, akastaafu mwaka 1989 akiwa na umri wa miaka 42. Alijulikana kwa bidii yake ya kunyoosha na kulegeza viungo katika zama ambazo wachezaji wengi hawakulijali jambo hilo. Tena tangu mwaka 1991 lipo shirikisho la kimataifa la wachezaji wa umri mkubwa, FIMBA, lililoanzia Buenos Aires nchini Argentina, ambalo hupanga mashindano kwa makundi ya umri kuanzia miaka thelathini na kwenda juu.

Kinachobadilika kwa umri ni haya. Misuli hupungua nguvu kidogo kidogo, na vigimbi ni miongoni mwa misuli inayoonja upungufu huo mapema. Kano hupoteza sehemu ya unyumbufu wake. Zaidi ya yote, habari kati ya mguu na ubongo husafiri polepole zaidi: mguu wa kijana ukikanyaga kijiwe, misuli yake hujirekebisha kabla hajajua lililotokea; mguu wa mtu mzima huchelewa kidogo, na kuchelewa huko kunatosha kumwangusha. Kwa hiyo mtu mzima anayeingia uwanjani akiutegemea mwili alioutumia shuleni anautegemea mwili ambao hanao tena.

Kifundo huteguka vipi?

Upande wa nje wa kifundo umeshikwa na kano tatu nyembamba. Upande wa ndani umeshikwa na kano moja pana na imara. Ndiyo sababu mara nyingi unyayo hupinda kuelekea ndani, nazo kano za nje zikavutika au kuchanika. Ile ya mbele ndiyo dhaifu zaidi, na kwa kawaida ndiyo ya kwanza kuumia.

Watafiti wa Australia waliochapisha kazi yao mwaka 2001 waliwafuatilia wachezaji wa mpira wa kikapu, wa ligi kubwa na wa kujifurahisha, katika zaidi ya ushiriki 10,000. Walibaini kuwa asilimia 45 ya majeraha ya kifundo yalitokea wakati wa kutua baada ya kuruka. Hapo mchezaji hutua vibaya juu ya sakafu, au hutua juu ya mguu wa mwenzake. Walibaini pia kuwa aliyewahi kuumia kifundo huko nyuma alikuwa katika hatari karibu mara tano ya yule ambaye hajawahi. Na katika walioumia, zaidi ya nusu hawakwenda kwa mtaalamu yeyote.

Tuyaweke mambo haya mawili pamoja, kwa kuwa ndipo ulipo msiba wenyewe. Mtu anateguka, anasema ni jambo dogo, hatibiwi. Baada ya wiki mbili maumivu yanaondoka, naye anarudi uwanjani. Kumbe ndani ya kano mna mishipa ya fahamu inayouarifu ubongo namna unyayo ulivyokaa. Kano ikichanika, na mishipa hiyo huumia. Maumivu yakiisha, kifundo huwa kimenyamaza, lakini bado hakijapata fahamu yake. Mtu huyo ni kama mlinzi aliyepona homa lakini hasikii: amesimama langoni, na mwizi anapita. Atateguka tena, na tena, hadi kiungo kilegee na baridi yabisi ianze kukila. Kwa kijana, bado muda upo wa kurekebisha. Kwa mwenye umri mkubwa, kila kuteguka kunapunguza akiba iliyobaki.

Kinga ya kwanza: kukifundisha kifundo

Habari njema ni kwamba fahamu ya kifundo hufundishika, na mafunzo yake hayahitaji fedha. Huko Uholanzi, watafiti walichapisha mwaka 2009 matokeo ya uchunguzi wa wanamichezo 522 walioteguka. Nusu yao walipewa mazoezi ya mizani ya kufanya nyumbani, mara tatu kwa wiki kwa wiki nane. Katika mwaka uliofuata, walioteguka tena katika kundi lililofanya mazoezi walikuwa asilimia 22, na katika kundi lingine asilimia 33. Mazoezi ya nyumbani, bila mwalimu wala mashine, yalipunguza marudio kwa theluthi moja.

Tunapendekeza mpango ufuatao kwa yeyote asiye na maumivu makali. Simama karibu na ukuta, mahali pakavu, bila viatu. Inua mguu mmoja na ubaki juu ya mwingine kwa nusu dakika, kisha ubadilishe. Ukiweza bila kuyumba, fanya hivyo hivyo ukiwa umekunja mikono kifuani. Ukizoea, fumba macho, mkono ukiwa tayari kushika ukuta. Hapo utashangaa, kwani wengi wanaojiona imara huyumba kabla hawajahesabu hadi kumi. Kisha simama kwenye ngazi ya baraza, visigino vikiwa nje ya ukingo, ujiinue kwa vidole taratibu na ujishushe taratibu zaidi, mara kumi hadi kumi na tano. Kujishusha polepole ndiko kunakoimarisha vigimbi na kano kubwa ya kisigino.

Mwenye kufanya haya wakati chai inachemka, kila siku, kwa miezi miwili kabla ya kurudi uwanjani, amejifanyia wema mkubwa. Wala asiyafanye wakati wa udhu. Sakafu yenye maji si mahali pa kujaribu mizani, na mzee anayeosha miguu akiwa amesimama kwa mguu mmoja anastahili kuwekewa kigoda.

Kinga ya pili: kiatu, kifungio na uwanja

Raba nyingi tunazovaa tunazinunua katika minada na mitumba, na hakuna ubaya katika hilo. Lakini kabla ya kulipa, iweke raba mezani uitazame kwa nyuma. Ikiwa imelalia upande mmoja, aliyeitumia kabla yako ameshaipinda, nayo itaupinda mguu wako. Kunja soli: ikiwa imekauka na kuwa ngumu, itateleza. Shika sehemu ya kisigino: ikibonyea kama karatasi, haitakushika. Raba za kukimbilia barabarani zimetengenezwa kwa kwenda mbele, na nyingi zina kisigino kirefu kinachopinduka mtu anapogeuka kwa ghafla. Kwa mchezo huu tafuta soli pana na bapa. Kiatu chenye shingo ndefu si vibaya, lakini mtu asikitegemee kuwa ngao.

Kinachosaidia zaidi ni kifungio cha kifundo, kile cha kitambaa kigumu kinachovaliwa juu ya soksi na kukazwa kwa kamba kama kiatu. Mwaka 2011 ulichapishwa utafiti uliofanywa jimboni Wisconsin, Marekani, kwa wanafunzi 1,460 wa shule za sekondari wanaocheza mpira wa kikapu. Waliovaa vifungio hivyo waliumia vifundo kwa kiwango cha takriban theluthi moja ya wale ambao hawakuvaa, na faida hiyo ilionekana kwa waliowahi kuumia na wasiowahi. Waliochunguzwa walikuwa vijana, lakini kamba inayozuia unyayo kupinda haiulizi umri. Mwenye kifundo kilichowahi kuteguka akivae kila anapocheza, na aendelee na mazoezi ya mizani, kwa sababu kifungio hushika kiungo tu, hakikifundishi.

Kisha uwanja. Viwanja vyetu vingi ni vya saruji iliyopasuka au ardhi iliyoshindiliwa, na katika miezi ya kiangazi vumbi na changarawe hutanda juu yake. Dakika tano za kufagia kabla ya mchezo zina thamani kuliko wiki tano za kujiuguza. Kipaswe kutazamwa pia kile kingo cha saruji kinachoishia ghafla kwenye mchanga, kwani mchezaji anayerudi nyuma hakioni.

Ipo pia adabu ya mchezo. Sheria za mpira wa kikapu zinampa aliyeruka haki ya kutua salama, na kumwingilia chini akiwa angani ni kosa. Kwa watu wazima wanaocheza kwa ajili ya afya na udugu, tunasema haki hiyo iheshimiwe kuliko pointi. Anayeona mwenzake yuko juu na ampishe. Anayeruka ajizoeze kutua kwa miguu miwili, magoti yakiwa yamekunjwa kidogo. Na kabla ya yote, watu watembee kwa haraka, wakimbie polepole, wazungushe vifundo na kunyoosha vigimbi kwa dakika kumi. Katika ule utafiti wa Australia, wasionyoosha viungo kabla ya mchezo waliumia zaidi ya mara mbili ya walionyoosha.

Tahadhari kwa wenye kutumia dawa

Yapo mambo mawili ambayo watu wazima wengi hawaambiwi. La kwanza ni kisukari. Ugonjwa huu huweza kuua fahamu ya miguu kidogo kidogo, hata mtu akaumia asihisi. Mwenye kisukari apimwe hisia za miguu kabla ya kuanza michezo ya kuruka, na aitazame miguu yake kila jioni.

La pili ni dawa za jamii ya siprofloksasini, zinazotumika sana kutibu maambukizi ya njia ya mkojo na ya tumbo. Mwaka 2008 mamlaka ya dawa ya Marekani iliagiza ziwekwe onyo kali kuwa zinaweza kudhoofisha kano na kusababisha zikatike, hasa kano kubwa ya kisigino, na hatari huongezeka kwa waliozidi miaka 60 na wanaotumia dawa za jamii ya kotikosteroidi. Aliyeandikiwa dawa hiyo asiikatishe kwa uamuzi wake, bali amwambie tabibu kuwa yeye ni mchezaji, na akae nje ya uwanja. Mchezaji akisikia mshindo nyuma ya kisigino kana kwamba amepigwa teke, kisha akashindwa kujiinua kwa vidole, huenda kano hiyo imekatika, naye apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

Siku ya kuteguka

Likitokea la kutokea, mchezo umekwisha kwa mtu huyo. Asiambiwe atembee kidogo litapita. Avue kiatu, mguu uinuliwe juu ya mto kupita usawa wa moyo, ufungwe bandeji ya kuvutika kuanzia vidoleni kwenda juu, isiyokaza hadi vidole vikafa ganzi. Barafu ikipatikana, izungushiwe kitambaa na kuwekwa kwa dakika 15 hadi 20, iondolewe, kisha irudiwe baada ya saa kadhaa. Isigusane na ngozi.

Tunasisitiza jambo moja ambalo mila imetufundisha vinginevyo. Kukanda kwa maji ya moto na kuchua kwa nguvu katika siku mbili tatu za mwanzo huongeza damu na uvimbe ndani ya kiungo. Kuvuta mguu ili urudi mahali pake ni hatari kubwa zaidi, kwani huenda mfupa umevunjika na mvutaji hajui. Wazee wetu walifanya hivyo kwa nia njema na kwa kukosa njia nyingine. Sisi njia tunayo.

Nani aende kupigwa picha ya eksirei? Madaktari wa Ottawa nchini Kanada waliweka mwaka 1992 kanuni ambayo hutumika sasa duniani kote, na familia yoyote inaweza kuikumbuka. Mgonjwa apelekwe ikiwa hawezi kutembea hatua nne, hata kwa kuchechemea. Apelekwe pia ikiwa anaumia anapobonyezwa mfupa wenyewe, kwenye ukingo wa nyuma au ncha ya moja ya vile vifundo viwili, kuanzia chini hadi kiasi cha sentimita 6 kwenda juu. Vivyo hivyo ikiwa anaumia anapobonyezwa mfupa ulio katikati ya ukingo wa nje wa unyayo, au ule ulioinuka upande wa ndani mbele ya kifundo. Mwenye kisukari, au mwenye uvimbe mkubwa sana, aende hata kama dalili hizo hazipo.

Baada ya siku mbili tatu, maumivu yakiruhusu, kifundo kianze kutikiswa taratibu. Mgonjwa achore hewani kwa kidole gumba cha mguu namba moja hadi kumi, mara kadhaa kwa siku. Kisha akanyage kidogo kidogo, na hatimaye arudi kwenye mazoezi ya mizani.

Swala ya aliyeumia

Tumeulizwa mara nyingi kuhusu udhu na swala ya mwenye bandeji. Katika madhehebu ya Shafii, ambayo wengi wetu tunayafuata, anayedhurika kwa kuifungua bandeji huosha sehemu iliyo salama, hupaka maji juu ya bandeji, na hutayamamu. Yapo masharti yanayohusu namna bandeji ilivyofungwa, hivyo kila mmoja amuulize mwalimu wake. Asiyeweza kusimama huswali ameketi, ni ruhusa iliyothibiti kutoka kwa Mtume (s.a.w.), na kuitumia si udhaifu wa imani. Tunaziomba kamati za misikiti ziweke viti viwili vitatu pembeni mwa safu, ili aliyeumia asione haya kuja jamaa.

Ipo faida nyingine katika swala. Kikao cha baina ya sijda mbili humtaka mtu aulaze mguu wa kushoto na kuukalia, na kwa kulala huko unyayo hupinda kuelekea ule ule upande unaopinda mtu anapoteguka. Aliyeumia mguu wa kushoto atakihisi kikao hicho kabla ya kitu kingine chochote, naye akae vile anavyoweza. Siku atakapokikaa kwa utulivu kama zamani, atakuwa amepata dalili moja njema. Aongeze nyingine tatu: asimame kwa mguu ulioumia nusu dakika bila kuyumba, ajiinue kwa kidole cha mguu huo peke yake mara kumi, na aruke kwa mguu huo mara kadhaa bila maumivu. Kabla ya hapo, kurudi uwanjani ni kukopa kwa riba kutoka katika mwili wake mwenyewe.

Haya tuliyoyaeleza yanawahusu pia dada zetu wa mpira wa pete, mchezo ambao nao una kuruka, kutua na kusimama ghafla. Na yanawahusu vijana walio nyumbani, kwani kifundo kinachopuuzwa katika umri wa miaka kumi na saba ndicho kitakachomtoa mtu uwanjani akiwa na miaka arobaini.

Basi kesho asubuhi, maji yanapopita juu ya ile mifupa miwili, mkono na utue hapo kidogo. Vilinganishe vifundo viwili, cha kulia na cha kushoto. Ukiona kimoja kimenenepa kuliko kingine, au kinauma kikibonyezwa, jua kuwa kina habari ya kukuambia, na uisikilize kabla ya kuushika mpira. Mwenyezi Mungu atuhifadhie viungo vyetu, atujaalie kuvitumia katika kumtii hadi mwisho wa umri. Amin.